Jimbo Lisilo na Naibu Gavana: Uchambuzi wa Uchaguzi Mdogo wa West Virginia wa Mwaka 2011

Kisa chenyewe na mipaka yake

Tarehe 4 Oktoba 2011, wapiga kura wa West Virginia, jimbo la milima na makaa ya mawe lililo mashariki mwa Marekani, waliitwa vituoni kumchagua gavana ambaye angekaa madarakani kwa muda wa miezi kumi na minne tu. Mshindi, Earl Ray Tomblin wa chama cha Democratic, alimzidi Bill Maloney wa chama cha Republican kwa kura 7,546 kati ya takriban 301,000 zilizopigwa. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa akihesabiwa kuwa mshindi wa wazi.

Maelezo yaliyozoeleka ya jinsi pengo hilo lilivyofinyika husema kwamba ni kazi ya matangazo ya televisheni ya siku za mwisho, yaliyomfunga Tomblin na Rais Barack Obama. Ninayaona maelezo hayo kuwa ya kweli kwa sehemu ndogo. Uchaguzi huu ulikuwa mgumu tangu Januari, pale ilipobainika kwamba sheria za jimbo hazikueleza vizuri nani ashike kiti cha gavana kikibaki wazi, kwa muda gani, na nani apange siku ya kupiga kura. Yaliyotokea Oktoba yalitokana na upungufu huo wa sheria.

Viongozi wa umma wametajwa hapa kwa majina kwa sababu matendo yao yamo katika kumbukumbu za umma. Raia waliofungua shauri mahakamani na watu wengine binafsi hawatajwi, na maelezo yanayoweza kuwatambulisha yameondolewa.

Usuli

Mnyororo wa matukio ulianzia mbali na ofisi ya gavana. Tarehe 28 Juni 2010 alifariki Seneta Robert Byrd akiwa na umri wa miaka 92, baada ya kuiwakilisha West Virginia katika Seneti ya Marekani kwa zaidi ya miaka 51. Gavana wa wakati huo, Joe Manchin, alimteua mwanasheria kijana, Carte Goodwin, kukishikilia kiti hicho kwa muda. Bunge la jimbo likapitisha sheria iliyoruhusu uchaguzi wa kukijaza ufanyike Novemba mwaka uleule, na Manchin mwenyewe akajitosa kukigombea. Alishinda tarehe 2 Novemba, akala kiapo cha useneta tarehe 15 Novemba 2010, na hapo ofisi ya gavana ikabaki wazi huku muhula wake ukiwa bado na zaidi ya miaka miwili.

Majimbo mengi ya Marekani yana naibu gavana anayechaguliwa na wananchi, ambaye hupanda moja kwa moja kiti kikiwa wazi. West Virginia haina. Katiba yake inasema kwamba gavana akifa, akijiuzulu au akiondolewa, Rais wa Seneti ya jimbo, yaani kiongozi anayeongoza vikao vya Seneti kama spika anavyoongoza bunge, atatenda kazi za gavana mpaka nafasi ijazwe. Mwaka 2000 sheria ilimpa Rais huyo wa Seneti cheo cha heshima cha naibu gavana, lakini cheo hicho hakikumfanya achaguliwe na jimbo zima: anatoka katika eneo moja la Seneti, na wanaomweka kwenye kiti ni maseneta wenzake. Tomblin, mtu wa Kaunti ya Logan katika maeneo ya machimbo ya makaa ya kusini, alikuwa bungeni tangu miaka ya 1970 na alikuwa ameiongoza Seneti tangu 1995. Uzoefu wake wa serikali haukuwa na shaka. Kilichokosekana ni ridhaa ya wapiga kura wa jimbo zima.

Katiba hiyohiyo inaongeza kwamba nafasi ikitokea kabla ya miaka mitatu ya kwanza ya muhula kwisha, uchaguzi mpya wa gavana utafanyika. Haikutaja siku, na kutokuitaja huko ndiko kiini cha kisa chote.

Msomaji wa Kenya atatambua sura ya tatizo hili. Kifungu cha 182 cha Katiba ya Kenya kinamtaka spika wa bunge la kaunti akaimu pale gavana na naibu wake wanapokosekana wote wawili, na hapohapo kinaweka ukomo wa siku sitini wa kufanya uchaguzi. Nairobi ilipoingia katika hali hiyo Desemba 2020 yalizuka mabishano mengi ya kisheria, na mwishowe uchaguzi wenyewe haukufanyika; lakini hakuna aliyeweza kudai kwamba katiba haikutaja muda. West Virginia hata nguzo hiyo ya kushikilia haikuwa nayo.

Kuhusu siasa za jimbo, mambo mawili yanatosha. Wapiga kura waliojiandikisha kama wafuasi wa Democratic walikuwa karibu mara mbili ya wale wa Republican, na hakuna mgombea wa Republican aliyekuwa ameshinda ugavana tangu 1996. Wakati huohuo, wapiga kura haohao walikuwa wameshaanza kukipa kisogo chama cha Democratic cha kitaifa, na Obama alishindwa katika jimbo hilo mwaka 2008 kwa tofauti kubwa. Makaa ya mawe yalikuwa katikati ya mgongano huo. Mlipuko wa mgodi wa Upper Big Branch wa Aprili 2010 ulikuwa umewaua wachimbaji 29, na majonzi yake yalikuwa bado mabichi. Januari 2011 idara ya mazingira ya serikali kuu ilifuta kibali cha mgodi mkubwa wa wazi uliokuwa katika Kaunti ya Logan, nyumbani kwa Tomblin. Mgombea wa Democratic alilazimika kusimama na wachimbaji na kuwa mbali na Washington kwa pumzi moja.

Mfuatano wa matukio na maamuzi

*Kaimu na kalenda*

Tomblin aliposhika kazi za gavana katikati ya Novemba 2010, msimamo wake ulikuwa kwamba uchaguzi wa kujaza nafasi ungesubiri uchaguzi mkuu wa 2012. Msimamo huo haukuwa wa kubuni; kulikuwa na namna ya kuisoma sheria iliyouunga mkono. Ila msomaji aone ulichomaanisha: mtu ambaye hajawahi kupigiwa kura na jimbo zima angeliongoza kwa karibu miaka miwili, na tafsiri ya sheria iliyomruhusu ilikuwa ikitolewa na upande uliofaidika nayo. Simtuhumu kwa nia mbaya. Nasema kwamba sheria iliyomwachia mwenye kiti kazi ya kukadiria ukomo wa kiti chake ilimdhulumu hata yeye, kwa sababu hakuna jibu ambalo angelitoa likaaminika.

Kikundi cha kiraia pamoja na mwanasheria mmoja walikwenda mahakamani. Tarehe 18 Januari 2011, Mahakama ya Juu ya Rufaa ya jimbo ilisoma katiba pamoja na sheria za uchaguzi na kuamua kwamba kaimu hawezi kukaa zaidi ya mwaka mmoja, kwa hiyo gavana mpya alipaswa kuwa amechaguliwa kabla ya tarehe 15 Novemba 2011. Mahakama ilitoa ukomo bila kupanga siku. Kazi ya kupanga ilirudi kwa kaimu na bunge, na matokeo yake yalikuwa kura za mchujo Jumamosi ya tarehe 14 Mei na uchaguzi wenyewe Jumanne ya tarehe 4 Oktoba, tarehe iliyoacha nafasi ya kuhesabu na kuthibitisha kabla ya ukomo huo wa Novemba.

Wakati huo Seneti nayo ilikuwa na swali lake: je, Rais wake anayefanya kazi za gavana bado ni Rais wake? Maseneta walibadili kanuni zao na kumchagua Jeff Kessler kuwa kaimu Rais wa Seneti. Jimbo likawa na kaimu juu ya kaimu.

*Mchujo wa Mei*

Kiti kilipofunguliwa hivyo, karibu uongozi mzima wa Democratic katika jimbo ulijitokeza kukigombea: Tomblin, Spika wa Baraza la Wawakilishi Rick Thompson, Katibu wa Jimbo Natalie Tennant, Mweka Hazina John Perdue, na Kessler mwenyewe. Tomblin alishinda kwa takriban asilimia 40, Thompson, aliyeungwa mkono na vyama kadhaa vya wafanyakazi, akapata asilimia 24 na Tennant asilimia 17. Kwa hesabu nyingine, wapiga kura sita kati ya kila kumi wa chama chake walimtaka mtu mwingine, na kura zilizompa tiketi zilikuwa karibu 51,000 tu.

Upande wa Republican ulileta mshangao. Betty Ireland, aliyewahi kuwa Katibu wa Jimbo, ndiye aliyejulikana zaidi, lakini alishindwa kwa asilimia 31 dhidi ya 45 na Bill Maloney, mfanyabiashara wa Morgantown ambaye hakuwa amewahi kushika cheo cha kuchaguliwa. Maloney alikuwa mhandisi wa kuchoronga ardhi, na alikuwa ameshiriki kuandaa mpango wa uchorongaji uliowafikia wachimbaji 33 walionaswa chini ya ardhi nchini Chile mwaka 2010. Katika jimbo lililokuwa limetoka kuzika wachimbaji 29, hadithi hiyo ilikuwa na uzito ambao hakuna wakala wa kampeni angeweza kuununua. Alichagua kuiegemea, akajitambulisha kama mtu wa kazi asiye wa serikali, na dhidi ya mpinzani mwenye miongo zaidi ya mitatu bungeni uamuzi huo ulikuwa wa busara.

*Kampeni na siku za mwisho*

Tomblin aliamua kugombea kama gavana aliyeko kazini, asionekane kama mwanachama anayepigania tiketi. Aliendeleza kesi ambayo Manchin alikuwa ameifungua dhidi ya idara ya mazingira ya serikali kuu kuhusu vibali vya migodi, akasisitiza bajeti isiyo na deni, na akatia saini sheria ya kushusha kodi ya chakula kutoka asilimia 3 hadi 2 kuanzia Januari 2012. Alipata jambo ambalo ni nadra: chama cha wafanyakazi wa migodi na umoja wa wenye migodi vyote vilimuunga mkono, na chama cha wamiliki wa bunduki pia. Njia hiyo ilikuwa imeshapasuliwa na Manchin, ambaye katika kampeni yake ya 2010 alionekana kwenye televisheni akiupiga risasi mswada wa kudhibiti hewa chafu.

Kipande kimoja cha ukuta huo wa kumtenga na Washington kilibaki wazi. Majimbo 26 yalikuwa yameishitaki serikali kuu kuhusu sheria ya bima ya afya ya Obama, na West Virginia haikuwa miongoni mwao. Chama cha magavana wa Republican kilimwaga mamilioni ya dola katika matangazo yaliyolisukuma jambo hilo hadi sebuleni mwa kila mpiga kura: Tomblin ameshindwa kusimama dhidi ya Obama. Chama cha magavana wa Democratic nacho kilimwaga pesa kumjibu. Uchunguzi wa maoni uliotangazwa mwishoni kabisa uliwapa wagombea asilimia 47 kwa 46.

Matokeo

Tomblin alipata kura 149,202, sawa na asilimia 49.55, na Maloney 141,656, sawa na asilimia 47.05. Wagombea wengine watatu waliokuwa kwenye karatasi ya kura waligawana zaidi ya 10,000, wa chama cha Mountain peke yake akiwa na zaidi ya 6,000. Maloney alikubali kushindwa usiku uleule, hakukuwa na ombi la kurudia hesabu, na tarehe 13 Novemba 2011, siku mbili kabla ya ukomo uliowekwa na mahakama, Tomblin alikula kiapo cha ugavana.

Watu hao wawili walikutana tena katika uchaguzi mkuu wa Novemba 2012. Safari hii Tomblin alishinda kwa asilimia 50.49 dhidi ya 45.65.

Uchambuzi

*Nani aliyejitokeza*

Tofauti kati ya chaguzi hizo mbili ndiyo inayofundisha zaidi. Ikiwa kumhusisha Tomblin na Obama ndiko kulikomwangusha kutoka kwenye uongozi wa wazi hadi pointi mbili na nusu, basi mwaka 2012 angepaswa kuzama, kwa kuwa safari hiyo jina la Obama lilikuwa kwenye karatasi ileile ya kura. Obama alipata chini ya asilimia 36 ya kura za West Virginia mwaka huo. Tomblin, akiwa kwenye karatasi hiyo na dhidi ya mpinzani yuleyule, alipanua ushindi wake hadi karibu pointi tano. Wapiga kura waliweza kabisa kumtenganisha gavana wao na rais wa nchi.

Kilichobadilika ni idadi. Mwaka 2012 kura za ugavana zilikuwa takriban 664,000. Mwaka 2008 zilizidi 700,000. Uchaguzi wa Oktoba 2011 ulikuwa na chini ya nusu ya hizo. Jumanne ya Oktoba, katika mwaka usio na uchaguzi mwingine wowote mkubwa, huvuta kituoni wenye hasira na wenye mazoea, na huwaacha nyumbani wale ambao kwa kawaida hupigia chama cha wazazi wao bila kutafakari sana. Katika West Virginia, kundi hilo la pili lilikuwa hasa la Democratic. Wingi wa waliojiandikisha uliomfanya Tomblin aonekane salama ulikuwa wingi wa daftarini, na chama chake kilichelewa kuutambua udhaifu huo. Uchunguzi wa maoni wa mwanzo ulipima jimbo lote. Ule wa mwisho ulikuwa umeanza kuwatambua watakaokuja.

Matangazo yalifanya kazi, lakini yaliifanya juu ya umati huu mdogo. Katika kura 664,000 tangazo lingehitaji kuwageuza watu wengi mno. Katika 301,000, kuwasisimua elfu chache tayari ni jambo la kutisha.

*Kilichofaa*

Mkakati wa Tomblin wa kujenga ukuta wa kienyeji ulimwokoa. Mgombea asiye na kesi dhidi ya idara ya mazingira, asiyeungwa mkono na wachimbaji na wenye migodi kwa pamoja, angeshindwa kwa hesabu hizi. Hata hivyo ukuta huo ulikuwa na gharama. Kura za chama cha Mountain, kinachopinga ubomoaji wa vilele vya milima kwa ajili ya makaa, zilikaribia pengo lote la ushindi. Kila hatua aliyopiga kuelekea kwa wenye migodi ilikuwa na watu wachache wa upande wake iliyowaacha nyuma. Alifanya hesabu hiyo akijua, na ilimtosha.

Uamuzi wa mahakama nao ulifaa, na naandika hivyo nikijua ulisababisha uchaguzi wa watu wachache. Mbadala wake ulikuwa gavana wa miaka miwili asiyechaguliwa kwa ugavana na mtu yeyote. Kura laki tatu ni chache, lakini ni ridhaa. Na gavana aliyepita katika tundu la sindano la Oktoba 2011 alifika 2012 akiwa na haki ya kujiita gavana mteule wa wananchi. Naamini sehemu ya pointi alizoongeza ilitoka hapo.

*Kilichoshindwa*

Kosa kubwa ni la sheria. Katiba iliyoagiza uchaguzi bila siku ilimlazimisha raia aende mahakamani kuuliza swali ambalo lilipaswa kujibiwa kabla ya msiba wowote kutokea. Miezi miwili ilipotea, kisha yote yaliyobaki, kuanzia kuandikisha wagombea, mchujo, karatasi za kura hadi mafunzo ya wasimamizi katika kaunti 55, yakabanwa ndani ya kile kilichosalia. Mwendo huo wa haraka haukumpa mgombea mgeni muda wa kujulikana wala mpiga kura muda wa kumpima, na ulimpendelea mwenye jina, au mwenye pesa ya kulijenga jina lake kwa haraka.

Kosa la pili halikuleta madhara yaliyoonekana, na kwa sababu hiyo lilipita bila kusemwa vya kutosha. Katibu wa Jimbo ndiye msimamizi mkuu wa uchaguzi West Virginia, na katika mchujo wa Mei Katibu wa Jimbo alikuwa mgombea. Sheria haikumzuia, na alishindwa bila mtu kulalamikia hesabu. Tuchukulie kwamba angeshinda kwa kura mia mbili. Hakuna cheti ambacho ofisi yake ingetoa kikaaminiwa na Thompson au Tomblin, hata kama kila kura ilihesabiwa kwa uaminifu. Uchaguzi wa dharura hutokea kwa ghafla kiasi kwamba wanaogombea ni wale waliomo ofisini tayari, kwa hiyo mgongano wa aina hii unapaswa kutarajiwa.

La tatu ni lile la kaimu juu ya kaimu. Kwa karibu mwaka mzima mtu mmoja alikuwa mkuu wa serikali huku cheo chake cha msingi kikiwa cha bungeni, na Seneti ikaendeshwa na mtu ambaye cheo chake kilibuniwa kwa kanuni ya ndani, na ambaye wakati huohuo aligombea dhidi ya aliyemshikia kiti. Ni baada tu ya Tomblin kula kiapo mwezi Novemba ndipo kiti cha Rais wa Seneti kilipobaki wazi kweli, na Kessler akachaguliwa kukikalia kwa jina lake kamili.